Neno -luma na vita vya injini za utafutaji

Usiku mmoja wa mwaka jana, nyumbani kwetu Bungulu, mtoto wa yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, alikohoa hadi tukaamka sote. Beni si mji wa kutembea usiku. Utawala wa kijeshi ulianza Kivu Kaskazini mnamo Mei 2021, na hata kabla ya hapo mauaji yalikuwa yametufundisha kufunga mlango mapema. Ilibidi kituo cha afya kisubiri asubuhi. Nilichokuwa nacho mkononi ni simu na mega mia tatu.

Yaya alisimama nyuma yangu, mtoto begani. "Kasereka, andika vile niko nasema," akaniambia. Nikaandika: mutoto kifua inamuluma, tufanye nini. Injini ikaniuliza kama nilikusudia neno jingine, kisha ikaniletea nyimbo mbili na tangazo la nyumba ya kupanga. Nikaandika jambo lile lile kwa Kifaransa, kurasa zikajaa. Yaya hasomi Kifaransa. Nikawa nasoma na kumtafsiria kwa sauti ya chini: mkalishe wima, hesabu pumzi zake, ukiona mbavu zinaingia ndani usingoje. Tulihesabu pumzi hadi alfajiri. Mtoto alitibiwa asubuhi ile, na leo anakimbia uani. Mimi nilibaki na swali.

Yaya alikuwa amesema sawasawa. Tuligawe neno lake kama tunavyofundishwa darasani: i-na-mu-lum-a. Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam angesema kinamuuma. Tofauti ya kwanza ni upatanisho wa ngeli, ambao sisi wa mashariki ya Kongo tumeurahisisha: kifua inaluma, kichwa inaluma. Tofauti ya pili ni ile l. Kiswahili cha pwani kiliidondosha zamani, lakini lugha nyingi za Kibantu, Kiganda miongoni mwao, zinasema -luma hadi leo. Kwa hiyo neno la yaya limehifadhi sauti ambayo kamusi imeipoteza. Kiswahili chetu kina hata msimbo wake wa kimataifa, swc, tofauti na swh ya Kiswahili cha pwani. Kwenye karatasi tunajulikana. Kwenye simu, usiku ule, hatukujulikana.

Ndipo nikaanza kusoma habari za ushindani wa injini za utafutaji, jambo ambalo awali niliona ni la wahasibu na mawakili. Nilitaka kujua kwa nini kampuni zinazogombania dunia nzima hazijafika kwenye kifua cha mtoto wa Bungulu.

Kwanza nikakuta kwamba wanagombania watu wa fani yetu. Julai 2005 Google ilimwajiri Kai-Fu Lee kutoka Microsoft ili aongoze kazi zake nchini China. Microsoft ikaenda mahakamani, na kesi ikamalizwa kwa maelewano Desemba mwaka huo huo. Huyu bwana aliyegombaniwa namna hiyo alipata udaktari wake Carnegie Mellon kwa utafiti wa kuitambua sauti ya binadamu kwa kompyuta. Kwa maneno mengine, alikuwa jirani wa somo letu la fonetiki. Sisi tunalalamika kwamba isimu haina kazi!

Pili, nikaona kwamba pale ambapo injini ya nyumbani iliweza kusimama mbele ya Google, lugha ilikuwa sehemu kubwa ya nguvu yake. Yandex ilianza Urusi mwaka 1997. Waanzilishi wake walikuwa wameshughulikia kwa miaka mofolojia ya Kirusi, lugha ambayo nomino moja hubadilisha mwisho wake kulingana na kazi yake katika sentensi. Mtu akitafuta umbo moja, injini ilijua kuleta na mengine. Kwa miaka mingi ilishika zaidi ya nusu ya soko la nchi yake. Naver ya Korea Kusini, iliyoanza 1999, ilikuta tatizo jingine: maandishi ya Kikorea kwenye intaneti yalikuwa machache. Mwaka 2002 ikafungua huduma ambamo watu waliulizana maswali na kujibizana wenyewe kwa Kikorea. Wakapata kitu cha kutafuta kwa sababu walikiandika kwanza.

Sasa turudi upande wetu. Mofolojia yetu ni nzito kuliko ile ya Kirusi, na maandishi yetu ni machache kuliko yale ya Kikorea ya wakati ule. Tuna matatizo yote mawili, ila mshindani wa kuyahangaikia hatuna. Agosti 2024 hakimu mmoja wa Marekani, Amit Mehta, aliamua kwamba Google imeshikilia ukiritimba kinyume cha sheria. Hukumu yake inaonyesha kwamba karibu 90% ya utafutaji wote Marekani ulipitia Google, na kwenye simu karibu 95%, huku Bing ya Microsoft ikiwa na kama 6%. Mwaka 2021 peke yake Google ililipa dola bilioni 26.3 ili injini yake iwe ile inayofunguka yenyewe kwenye simu na vivinjari. Anayenunua simu sokoni Beni hachagui injini. Anaikuta imeshakaa. Na aliyekwisha kukaa hana haraka ya kujifunza -luma.

Sisemi kwamba hakuna kilichofanyika. Mwaka 2009 Google iliingiza Kiswahili katika huduma yake ya kutafsiri, na mwishoni mwa mwaka huo ikawashindanisha wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania kuandika makala za Wikipedia kwa Kiswahili. Microsoft ilifungua kituo cha wahandisi Nairobi mwaka 2019, na Aprili 2022 Google ikatangaza chake katika mji huo huo. Mwezi uliofuata Kilingala kikaingia katika tafsiri. Juni 2024 zikaongezwa lugha 110 kwa mkupuo, na kati yake nikaona Kialuri, cha majirani zetu wa Ituri. Nikapitia orodha mara mbili nikitafuta Kinande. Hakikuwemo.

Hapa ndipo ninapofika kwenye kosa langu mwenyewe, kama ni kosa. Miezi michache baada ya usiku ule, mtu mmoja alinitumia ujumbe kwenye WhatsApp. Alikuwa anatafuta wasemaji wa Kiswahili cha Kongo wa kuandika na kusoma sentensi kwa sauti, senti tano za dola kila sentensi. Nikamwuliza ni za kampuni gani. Akajibu: "Wewe tuma tu, mwalimu." Karatasi ya makubaliano ilisema sentensi zikishatumwa si zangu tena, na jina langu halitaonekana popote.

Nilituma sentensi mia sita. Nikalipwa dola thelathini, nikalipa sehemu ya ada. Sitajifanya kwamba nilizikataa. Lakini nilipoketi kuandika sentensi ya mia sita na moja nikajikuta nimeandika: kifua inamuluma. Mkono ukasita. Ikiwa injini fulani itajifunza neno hilo kwa sentensi zangu, yaya atanufaika, na hilo ni jema. Ikiwa zitafungiwa ndani ya kampuni moja, mpinzani wake hatazipata, mwanafunzi wa mwaka ujao hatazipata, na mimi mwenyewe sitaruhusiwa kuzitumia katika kazi yangu ya kumaliza masomo. Nilikuwa nauza kwa senti tano kitu pekee ambacho wote wanaoshindana wanakihitaji na hawawezi kukitengeneza bila sisi.

Wapo watakaoniambia kwamba mwenye njaa hachagui mnunuzi. Ni kweli, na kwa mwenzangu aliyeendelea kutuma sina neno baya. Naye ana wadogo zake wa kulisha. Ninachosema ni kwamba tuna akiba nyingine ambayo hatuhitaji kuiuza wala kuificha. Fungueni kabati la kazi za mwisho katika kitivo chetu. Mna misamiati ya ugonjwa, ya kilimo cha kahawa, ya ndoa, ya samaki wa Ziwa Edward. Mna masimulizi ya wazee yaliyonakiliwa neno kwa neno. Kazi hizo zimechapwa, zimetetewa, zimepigwa muhuri na kufungiwa. Hakuna injini, ya kwanza wala ya mwisho sokoni, inayoweza kusoma kabati lililofungwa.

Ombi langu kwa walimu wetu na kwenu wenzangu ni dogo. Anayemaliza mwaka huu, pamoja na nakala ya karatasi, aweke maandishi yake wazi kwenye intaneti, kwa jina lake, kwa masharti kwamba yeyote ayatumie na amtaje. Wakubwa waje wayakute, wote kwa pamoja, kisha washindane nani atayaelewa vizuri zaidi. Naver walianza hivyo: waliandika kwanza.

Mimi nimeanza na maneno ya maumivu, Kiswahili cha Beni na Kinande, mia mbili na kumi hadi jana. Jioni yaya hunisahihisha. Juzi alitazama daftari akacheka: "Kumbe hata -luma iko na masomo?" Nikamwambia iko. Akaketi, akaniongezea mengine manne.