Nauli ya Kutoka Bunda



Tangu mwaka 2022 Serikali inawafadhili chuoni wahitimu bora wa sayansi wa kidato cha sita. Tunashukuru. Lakini binti wa mvuvi wa Musoma aliyepata daraja la pili hamo.

Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama aliyebatizwa Nyegina mwaka 1943, alikuwa akifundisha baiolojia Tabora. Padre Richard Walsh akamhimiza na kumsaidia apate masomo Edinburgh, akaenda mwaka 1949. Sisi leo twachangia majengo upesi kuliko wanafunzi!

Tunaomba kila jumuiya ndogo ndogo imchukue mmoja: nauli ya kutoka Bunda, koti la maabara, na mwalimu au muuguzi wa kumpigia simu hesabu zinapomshinda. Majina yaletwe ofisini kabla vyuo havijafunguliwa.