Bibi Yetu na Jani la Isale

Bibi yetu mzaa baba aliaga dunia mwaka wa 2016, nasi twalimzika katika kihamba chake huko Old Moshi, mlimani Kilimanjaro. Wengi wameniuliza habari za maisha yake marefu. Nimeona ni vema niziandike, pamoja na neno moja ambalo sikulisema siku ya maziko.

Mwaka wake wa kuzaliwa haukuandikwa popote. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba chama cha kahawa cha KNCU kilipoanzishwa, mwaka wa 1933, alikuwa msichana wa kutosha kubeba mtungi wa maji kutoka mfongoni bila kumwaga. Kwa hesabu hiyo alipita miaka 90. Sisi wajukuu twaliijua sana mikono yake. Ndiyo iliyochuma kahawa mbivu moja moja, ikakata majani ya ng'ombe, na jioni ikamenya ndizi za mtori gizani bila haja ya taa.

Babu alikwenda askari katika vita vya 1939 hata 1945, akafika Burma. Barua zake zilipokuja, Bibi alizipeleka kwa mwalimu zisomwe, kwa kuwa yeye hakujua kusoma. Alituambia, "Maneno ya mume wangu yalipita kwanza kinywani mwa mtu mwingine. Nalishukuru, lakini naliona haya." Babu alirudi salama, wakalea watoto wao, kisha akamtangulia.

Mwaka wa 1971, nilipokuwa darasa la tano, kazi ya kumsomea Bibi barua ikawa yangu, nami nalijivuna sana. Baba yangu mdogo alikuwa Dar es Salaam, akifanya kazi bandarini. Siku moja ikaja barua yake, kwamba amekosa kazi miezi mitatu, naye anamwomba mama yake amkopeshe fedha za kahawa za msimu ule. Nami nalijua kwamba fedha hizo zimekwisha kuahidiwa kuninunulia viatu na sare ya shule. Macho yangu yaliyaona maneno yale, kinywa changu kikayaruka. Nalisoma, "Mimi sijambo, kazi yaendelea vema, nawasalimu nyote." Bibi akafurahi, akaikunja barua, akaitia katika kopo la bati pamoja na barua za Babu. Viatu vikanunuliwa.

Barua nyingine haikuja. Miezi ikapita, hata mwaka. Bibi alikuwa akisimama kando ya njia, akiwauliza watu watokao pwani habari za mwanawe, na usiku nalimsikia akimtaja katika sala. Nami nikanyamaza. Viatu vile vilinitosha mguuni, lakini sikuvivaa kwa raha hata siku moja.

Sasa, mwaka wa 1970 ulikuwa umetangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na madarasa yakaenea vijijini. Bibi alijiandikisha. Kila alasiri ya darasa alikwenda na wanawake wenziwe, akachora herufi kwa mkono uliozoea mundu. Jirani mmoja alimcheka, akisema, "Wewe una mjukuu wa kukusomea!" Akamjibu, "Nimesomewa vya kutosha."

Hata mwaka wa 1973, baada ya mavuno, alilifungua lile kopo, akaanza kuzisoma barua za Babu, kidole chini ya kila neno. Kisha akaifikia ile ya baba mdogo. Akaniita. Nalimkuta ameiweka magotini. Akasema, "Mjukuu wangu, nisomee tena." Nalipofika mahali pale sauti ikanikatika.

Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alitoka hata mpakani mwa kihamba, akakata jani la isale, ambalo kwetu Uchagani ndilo apelekalo mtu aombaye msamaha. Akalipiga fundo, akanitia mkononi. "Mimi nimekwisha kukusamehe," akasema, "lakini uliyemkosea zaidi yuko Dar es Salaam. Mwandikie kwa mkono wako, nami nitaisoma kabla haijafungwa."

Kwanza naliandika kwamba macho yangu yaliteleza. Akaisoma polepole, akanirudishia, akasema, "Macho hayakuteleza." Nikaandika upya, kweli yote. Ndipo akalitia jani ndani ya bahasha.

Krismasi ile baba mdogo alifika nyumbani. Miaka miwili alikuwa ameamini kwamba mama yake alimnyima. Alilitoa jani mfukoni mwa koti, limekauka, akaliweka katika kiganja cha mama yake, akalia kama mtoto. Mimi aliniambia neno moja tu: "Yamekwisha."

Siku ya maziko, yeye akiwa mzee na mimi mwenye mvi, twalipanda isale kaburini pamoja. Watu walidhani twafuata desturi tu.

Enyi walimu, nanyi vijana mliosoma, mtu akikupa barua yake umsomee, amekukabidhi amana, naye hana njia ya kuihesabu. Mrudishie yote. Nanyi wazee mnaosema kwamba wakati wenu umepita, kumbukeni kwamba Bibi yetu aliyajua maneno ya mumewe kwa macho yake mwenyewe alipokuwa amekwisha kuwa mjane. Kopo lile ninalo mimi sasa. Kila barua iliyomo imechakaa chini ya mistari, pale kidole chake kilipopita.