Kondoo wa Uzi wa Mabaki

Msitupe mabaki ya uzi. Mama yangu alipofariki aliacha sweta la baba bila mkono mmoja, na donge la uzi mweupe. Kwa muda mrefu sikuthubutu kuligusa. Noeli ilipokaribia nikalimaliza sweta. Uzi uliobaki haukutosha hata soksi ya mtoto. Basi nikafuma mishono 12 kwa mistari 20, nikakunja, nikashona kando, nikajaza sufi kidogo, macho nikayatia kwa uzi mweusi. Akawa kondoo, kadiri ya kidole gumba. Nikamweka pangoni karibu na Mtoto Yesu. Baba alimtazama sana, asiseme neno. Tangu hapo, kila Noeli yeye mwenyewe humtoa sandukuni. Ndugu, chungulieni kwanza vikapuni mwenu.