Waya Hupimwa kwa Mzigo

Nilipoingia gereji ya Gerezani, Dar es Salaam, mwaka 1989, fundi umeme hakuwa na kauli kwenye gari la dizeli. Dizeli ya siku zile ikishawaka haikumhitaji tena. Hata betri ikifa njiani, injini iliendelea kunguruma mpaka dereva avute waya wa kuizima. Kazi yetu ilikuwa starta, taa na honi. Mafundi injini walituita watu wa balbu, na hawakuwa wanatusifu.

Fundi aliyenilea tulimwita Babu. Mita hakuwa nayo. Alikuwa na tasta aliyoiunda mwenyewe: balbu ya indiketa ya wati 21, nyaya mbili, na sindano ya kushonea magunia. Alichoma waya kwa sindano, akaitazama balbu, akasema, "Huu mzima," au, "Huu mgonjwa." Volti hakuzitaja kamwe. Miaka minane nilitembea nyuma ya balbu ile, na alipoacha kazi alinikabidhi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikaanza kutufikia dizeli zenye kompyuta. Mwaka 2004 nikaletewa pikapu iliyokuwa ikizimika ovyo. Nikachukua tasta ya Babu, upande mmoja nikaushikisha chanya ya betri, wa pili nikauchomeka kwenye waya mwembamba wa sensa. Balbu haikuwaka. Gari nalo halikuwaka tena. Waya ule ulikuwa wa volti 5, nami nilikuwa nimeusukumia 12 mpaka ndani ya kontroli boksi. Nilikatwa mshahara miezi saba. Tasta nikaizika chini ya sanduku la spana, nikanunua mita, nikajiapiza sitaishika balbu tena.

Mita ikanisomesha upya. Nilijifunza kwamba sensa kadhaa zinaweza kunywa volti 5 kwenye kisima kimoja, kwa hiyo kompyuta ikilalamikia sensa tatu kwa mpigo, tafuta kwanza wanachochangia: fyuzi, ethi au waya wa volti 5. Sensa tatu haziugui usiku mmoja. Nilijifunza pia zile nyaya mbili zilizosokotwa ambazo kompyuta za gari huzungumzia. Zima gari, chomoa betri, pima kati ya waya na waya: mita isome omu 60, kwa kuwa kila mwisho wa njia una kizuizi cha omu 120. Ukisoma 120, ujue kimoja hakifikiki.

Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, kutoka 500. Malori ya Euro 5 yaliyotumika Ulaya yakazidi kuonekana uwanjani kwetu, yakiwa na tangi dogo la ziada ambalo madereva walidhani ni la maji ya rejeta. Ndani yake kuna AdBlue, yaani urea asilimia 32.5 na maji safi. Pampu huinyunyiza kwenye ekzosi, joto likageuza urea kuwa amonia, na amonia ikigusana na oksidi za nitrojeni ndani ya kichocheo hutoka nitrojeni na mvuke. Sensa mwishoni mwa bomba huonja kinachotoka na kupeleka habari. Dozi ikikatika, kompyuta haimwadhibu dereva akiwa mwendoni. Husubiri lori lisimame, kisha hubana msokoto wa injini. Kwa malori makubwa, inabaki asilimia 60.

Matajiri wa malori hawakuipenda habari hiyo. Ndipo kikaingia kidude: kiboksi cha ukubwa wa kiberiti kinachounganishwa kwenye zile nyaya mbili na kuiambia kompyuta kwamba AdBlue ipo, sensa nzima, kila kitu shwari. Nusu saa kazi imekwisha, na hela yake nzuri. Nilivifunga. Nilijipa moyo kwamba tajiri ndiye mwenye lori, na moshi ni wa wote.

Mwaka 2019 likaja lori moja la volti 24, la tajiri niliyemhudumia muda mrefu. Lilikuwa likipeleka mizigo Tunduma, na kila safari lilikosa nguvu mahali pamoja: Mlima Kitonga, kabla ya Iringa. Likifika Mafinga limepona. Kompyuta ilitaja sensa ya ekzosi na pampu ya AdBlue kupoteza mawasiliano. Tajiri alikuwa amenunua sensa mbili mpya, na sensa moja ya namna hiyo ni pesa ya kulia.

"Fundi, funga kidude tumalizane," akaniambia.

Sijui kwa nini siku hiyo nilimwomba muda. Labda kwa sababu ya Kitonga. Sensa mbovu haichagui mlima.

Uwanjani, lori tupu, nilichomoa plagi ya sensa na kupima: volti 24 na ushei. Ethi safi. Omu 60. Mita iliapa kwamba hakuna tatizo. Nikapanda nalo safari, nimejibana nyuma ya kiti pamoja na utingo na sanduku langu. Katikati ya Kitonga basi lilikuwa limekwama mbele yetu, tukasimama. Lilipoondolewa, dereva alikanyaga mafuta, na lori likajikongoja kama punda aliyekataa.

"Unaona, fundi? Ndiyo hii."

Tulilisogeza pembeni, utingo akaweka magogo kwenye matairi, nikaingia uvunguni. Ekzosi inawaka joto. Nikachomoa plagi, nikapima: 24. Nililala pale juu ya kokoto, jasho likinichuruzika machoni, nikamkumbuka Babu ambaye hakujua volti. Nikamwambia utingo afukue chini ya sanduku.

Safari hii nilijua ninachoma wapi. Huu haukuwa waya wa kompyuta bali waya wa kulisha umeme, unaotoka kwenye fyuzi na kugawia pampu na sensa. Niliweka balbu ya wati 21 ya volti 24, nikaiunga kati ya waya huo na ethi. Balbu ikawa nyekundu hafifu, kama kaa linalotaka kuzimika. Mita, ikiwa imeguswa pale pale, ikaanguka hadi 11.

Mita peke yake haivuti kitu. Waya ulioliwa na kutu mpaka ukabaki unagusana kwa shida utaipa volti zote 24 na kuonekana mzima. Upe kazi ya kufanya ndipo utaujua. Kwenye tambarare waya ule ulimudu. Kitonga, injini ikihema, AdBlue inanyunyizwa kwa wingi, pampu inavuta umeme zaidi, chasisi inajinyonga na ekzosi inakaanga nyaya. Lori limebeba mzigo, na waya nao umebebeshwa wake.

Niliufuata waya kwenda mbele, nikipima hatua kwa hatua, balbu ikiwa inavuta. Kumi na moja, kumi na moja. Kisha 24. Katikati ya vipimo hivyo viwili palikuwa na kiungo kilichozungushiwa tepu nyekundu.

Gerejini kwetu kila fundi alitumia tepu nyeusi. Nyekundu nilitumia mimi tu, ili nijue kazi yangu nikiikuta. Miaka miwili nyuma tairi lilipasuka likachana bando la nyaya za lori lile, na mzigo ulikuwa unasubiriwa. Usiku ule nilisokota waya kwa vidole, nikapiga tepu, nikaenda kulala. Nilipoibandua pale Kitonga, ndani mlikuwa na unga wa kijani na nyuzi zilizoliwa, zikigusana kwa shida.

Nilikata palipooza, nikabana upya kwa feruli, nikafunika kwa mpira unaosinyaa kwa moto. Balbu ikang'aa mpaka utingo akageuza uso. Kisha nikampigia tajiri.

"Mzee, tatizo ni mkono wangu."

Kimya kirefu. "Sensa mbili, fundi."

"Najua, mzee."

Moja niliilipa mimi, kidogo kidogo, miezi mitano. Lori halikukwama tena Kitonga, na kidude hakikufungwa.

Sasa tasta ya Babu inaning'inia ukutani karibu na mita. Vijana wangu hawaigusi mpaka waniambie waya wanaotaka kuupima unatoka wapi na unalisha nani. Wananiona mkali. Hawajui kwamba kabla ya lori lile nilikuwa nimefunga vidude kwenye malori manne, na yote yanapita njia ile ile. Hata moja sikuliwekea balbu.