Kuzipa Picha Uhai

Msomaji kijana, kabla sijakueleza habari ya kazi niliyoikusudia, sharti nikiri kosa langu mwenyewe, maana bila ya kosa hilo nisingalijishughulisha kuijua habari yenyewe.

Mwaka 2019 nilikuwa nikifundisha Kiswahili katika kidato cha pili. Alasiri moja, darasa zima likiwa katika ngeli za majina, nilimwona mvulana wa dawati la nyuma ameinamia daftari, na mkono wake unakwenda mbio kuliko somo langu. Nikamwendea polepole. Katika kona ya chini ya kila karatasi palikuwa na mtoto mdogo mwenye upara, na mshale umechorwa katika paji la uso wake. Kando yake paliandikwa tarakimu. Karatasi baada ya karatasi, alikuwa ni mtoto yule yule. Nilipomwuliza mvulana alikuwa akifanya nini, aliinuka akajibu kwa adabu, "Sichori ovyo, mwalimu. Ninamfundisha kukimbia."

Darasa likacheka, nami nikacheka pamoja nalo. Kisha nikalitwaa daftari, nikamwambia kwamba mkono wake u macho lakini akili yake imelala, na kwamba mali yake ataipata mwisho wa muhula. Mwisho wa muhula ulipofika hakuja kulidai, wala mimi sikumwita. Tarakimu zile nilizidhania kuwa ni mchezo wa kubahatisha.

Mwezi wa Machi mwaka 2020 shule zote za Kenya zilifungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, nami nikaenda kukaa kwa dada yangu. Jioni moja niliwakuta wapwa zangu wamekusanyika mbele ya kipakatalishi. Nilipochungulia nikamwona mtoto mwenye upara na mshale katika paji la uso, anakimbia juu ya ukuta kama kwamba ukuta ni barabara. Moyo wangu ulishtuka kama wa mtu aliyekutana sokoni na mtu aliyemdhulumu. "Mjomba, kaa utazame," mdogo wao akaniambia. Nikakaa kwa nia ya kutafuta ila. Sikuondoka mpaka nilipozimaliza sehemu zote 61, nazo hazikwisha kwa siku moja wala kwa juma moja.

Yamkini wewe unaijua hadithi hiyo kuliko mimi. Kwa Kiingereza huitwa Avatar: The Last Airbender. Ilianza kuonyeshwa katika runinga ya Marekani mwezi wa Februari 2005, ikamalizika Julai 2008. Ni habari ya dunia yenye mataifa manne: la maji, la ardhi, la moto na la hewa. Katika kila taifa wako watu wenye uwezo wa kuiamuru asili yao, maji yakainuka au mwamba ukapasuka. Lakini awezaye kuziamuru zote nne ni mmoja tu katika kila kizazi. Safari hii mtu huyo ni Aang, mtoto wa miaka 12, aliyelala ndani ya barafu kwa muda wa miaka 100 huku taifa la moto likiwashambulia wengine. Sitaisimulia zaidi. Mimi nilitaka kujua jambo jingine: ni nani aliyemfundisha mtoto yule kukimbia?

Waanzilishi ni wawili, Michael Dante DiMartino na Bryan Konietzko, waliojuana wakiwa wanafunzi katika chuo cha sanaa cha Rhode Island. Mwaka 2001 Konietzko aliitoa picha yake ya zamani ya mtu mzima mwenye upara, akamchora upya kama mtoto, kisha akamchora akichunga nyati wanaoruka angani. Siku zizo hizo mwenziwe alikuwa akishughulika na habari za wasafiri walionaswa katika barafu ya ncha ya kusini ya dunia. Wakayaweka mawazo hayo mawili pamoja, la hewa na la barafu, na baada ya majuma mawili wakaenda kuyaeleza kwa mkuu mmoja wa Nickelodeon aitwaye Eric Coleman. Wazo, basi, lilichukua majuma mawili. Kulitekeleza kulichukua miaka. Watu hupenda kusimulia habari ya yale majuma mawili, na ile miaka wakaipita mbio. Mimi nadhani utamu wote uko katika miaka.

Fikiri kwanza juu ya hesabu, hata kama huipendi. Katika filamu, jicho lako hupokea picha 24 kwa kila sekunde moja, na kwa kuwa kila moja husimama tuli, ubongo huziunganisha ukaona mwendo. Katika katuni za namna hii aghalabu kila mchoro hutumika mara mbili mfululizo, kwa hiyo hutakiwa michoro 12 kwa sekunde. Sehemu moja huchukua dakika 23 hivi. Zidisha 12 kwa 60, kisha kwa 23: utapata 16,560. Ni kweli kwamba iko michoro inayokaa muda mrefu bila kubadilika, na mara nyingine mdomo peke yake ndio husogea. Walakini, wako pia watu watatu wanne katika chumba kimoja, na kila mmoja huchorwa peke yake.

Kazi hiyo hugawanywa hivi. Waandishi huandika mazungumzo, na waigizaji husoma maneno yao mbele ya kinasa sauti kabla mchoro wa mwisho haujachorwa, ili midomo iifuate sauti. Wachoraji wengine hupanga hadithi yote kwa picha ndogo ndogo, zikifuatana kama kurasa za kitabu cha vichekesho, kuonyesha nani atasimama wapi na jicho la mtazamaji litatoka upande gani. Hayo yalifanyika Burbank, California. Kisha vitu vyote vilipelekwa Korea ya Kusini, katika karakana za DR Movie, JM Animation na Moi Animation, na huko ndiko michoro yenyewe ilikochorwa kwa penseli, kwa mkono, mmoja mmoja. Mchoraji stadi huchora picha kuu: mguu ulipoinuka, mguu ulipofika juu, mguu ulipokanyaga. Wenziwe huzijaza picha za kati, ambazo hakuna mtazamaji azikumbukaye, lakini zikikosekana mwendo hukatika kama mazungumzo ya mtu mwenye kigugumizi. Rangi huwekwa baadaye kwa tarakilishi.

Majina ya Wakorea hao hupita mwisho wa kila sehemu, kwa maandishi madogo, wakati mtazamaji amekwisha inuka. Mwaka 2007 mmoja wao, Sang-Jin Kim, alipewa tuzo ya Emmy kwa ustadi wake wa kuhuisha picha. Nilifurahi niliposoma hayo kama kwamba nina udugu naye.

Lakini jambo lililonifanya niione aibu yangu ni jingine. Ungedhani kwamba mtu anayebuni dunia isiyokuwapo hana haja ya kumwuliza mtu yeyote. Atake nini kwa waalimu? Miamba yake inaruka kwa amri yake. Hao hawakufanya hivyo. Walikusudia kwamba kila taifa lipigane kwa namna yake, na namna hizo ziwe za kweli, basi wakamtafuta mwalimu wa michezo ya kupigana ya Kichina, Sifu Kisu, naye akawachagulia na kuwaonyesha. Watu wa maji walipewa Tai Chi, ambayo ni laini, na mwenye kuicheza huichukua nguvu ya adui akaigeuza. Watu wa ardhi walipewa Hung Gar, ambayo miguu yake hushika chini kama mizizi. Watu wa moto walipewa Shaolin ya Kaskazini, yenye mateke marefu na mikono ya kasi. Aang, mtoto wa hewa asiyependa kumwumiza mtu, alipewa Baguazhang, ambayo mchezaji wake huzunguka na kuzunguka katika duara asikamatike. Mapigo hayo yaliigizwa na wajuzi, yakapigwa picha za video, na wachoraji wakazitazama walipokuwa wakichora. Konietzko mwenyewe alijiunga kuwa mwanafunzi wa Sifu Kisu.

Kadhalika maandishi. Kila barua, kila bango na kila ramani katika dunia ile imeandikwa kwa herufi za Kichina, na mtazamaji wa Marekani au wa Kenya asingalijua kama ni herufi za kweli au ni mistari mitupu. Hata hivyo alitafutwa mtaalamu, Siu-Leung Lee, akayaandika maneno yenye maana. Nakuuliza, msomaji: je, wewe ungalifanya hivyo mahali ambapo pengine hapana wa kukukamata? Mimi katika insha zangu za chuo cha ualimu sikufanya.

Sisemi kwamba walitimiza kila jambo. Hadithi iliyochota hivyo katika visima vya Asia iliwapa Wamarekani weupe sehemu kubwa ya sauti za watoto wake wakuu. Na ilipofanywa filamu ya watu hai mwaka 2010, ambayo waanzilishi wale wawili hawakuiongoza, watazamaji wengi walinung'unika kuona mashujaa wale wanaigizwa na wazungu. Manung'uniko hayo yalikuwa ya haki.

Walikuwa tayari pia kusahihishwa. Katika kitabu cha pili cha hadithi Aang hukutana na mwalimu wake wa ardhi, Toph, msichana mdogo kipofu anayeijua dunia kwa mitetemeko inayopita katika nyayo zake. Hapo mwanzo mwalimu huyo alikusudiwa kuwa mvulana mwenye misuli. Mwandishi mkuu, Aaron Ehasz, ndiye aliyeshauri awe msichana. Laiti wangalishikilia mchoro wao wa kwanza, wangalikuwa na jitu moja zaidi kati ya majitu yaliyokwisha jaa katika hadithi za vita. Nasi tungalimkosa yule ambaye wapwa zangu walimwiga ua zima, wakitembea pekupeku macho wameyafumba mpaka mmoja akajigonga kwenye birika la maji.

Na iko sehemu moja nisiyoweza kuipita kimya. Mzee Iroh, ami yake adui wa Aang, anayependa chai na mizaha, sauti yake ilitolewa na Mako, mwigizaji aliyezaliwa Kobe, Japani, mwaka 1933. Alifariki Julai 2006, kazi ikiwa katikati. Septemba ya mwaka ule ilionyeshwa sehemu ambayo mzee huyo anapanda kilima jioni, anaiweka picha ya mwanawe aliyekufa vitani chini ya mti, akaimba huku sauti inamkatika. Waliiweka wakfu kwa jina la Mako. Dada yangu, ambaye hakuwa akitazama, ambaye alikuwa akichambua mchele nyuma yetu, aliacha kuchambua. Baada ya Mako kazi ile alipewa Greg Baldwin, naye aliiigiza sauti ya mzee kwa uangalifu mkubwa.

Tokea hapo nimekuwa nikiwaza habari zetu wenyewe. Tuseme kijana wa Lamu au wa Kitui anataka kumhuisha Fumo Liyongo. Itambidi ajue upinde wa mita moja na wa mita mbili huvutwa vipi, na mkono wa mvutaji hutetemeka wapi. Itambidi awaulize wazee wachezaji wa gungu mguu upi hutangulia, na mkate wa makapi uliofichwa tupa ndani yake huwa na umbo gani mikononi mwa kijakazi Saada anapoupeleka gerezani. Hayo hayamo katika vitabu vyote. Yamo katika mikono ya watu, na baadhi yao ni wazee sana.

Shule zilipofunguliwa Januari 2021 niliingia darasani na lile daftari mkononi. Mvulana hakuwapo. Niliambiwa kwamba baba yake alipoteza kazi wakati wa maradhi, jamaa yote ikahama, na hapana aliyejua ilikohamia. Nilitafuta namba ya simu katika kumbukumbu za shule, nikapiga. Simu haikuwa ikipatikana.

Daftari ninalo hata leo. Siku ile jioni nililifungua kwa mara ya kwanza tangu nililipolitwaa, nikazitazama tarakimu nilizozidharau. Karatasi ya 1, ya 5, ya 9, ya 13, na kuendelea hivyo, zimechorwa kwa penseli nzito. Zilizo katikati zimechorwa kwa wepesi, baadhi yake zimefutwa na kuchorwa tena mpaka karatasi imetoboka. Alikuwa ametenga picha kuu na picha za kati. Sijui kama alifundishwa na mtu au aligundua mwenyewe, na nilipokuwa na nafasi ya kumwuliza nilikuwa ninacheka.

Nikaishika kona kwa kidole gumba, nikaziachilia karatasi zipite. Mtoto mwenye mshale alikimbia. Mguu wake wa kushoto ulichechemea kidogo, kisha ukakaa sawa; akashika mwendo, akainama, akaruka. Katika karatasi ya 33 yuko juu kabisa, magoti kifuani. Karatasi ya 34 ina kichwa na mshale tu, na mstari mmoja wa bega ulioteleza mpaka ukingoni, pale nilipolivuta daftari.