Oili ndani ya rejeta: mtafute mdudu kabla hujafungua injini

Leo naweka programu kando kidogo. Nataka tuzungumze juu ya mafuta yanayoingia kwenye maji ya rejeta. Namna ya kutafuta chanzo chake ni ileile tunayotumia kutafuta mdudu kwenye programu, ila hapa ukikosea unalipa pesa taslimu.

Gari lenyewe ni la mjomba wangu, hapa Kalamba, Makueni. Ni wagon ya otomatiki iliyotumika Japani kabla ya kuja kwetu. Alilinunua kwa mkopo wa sacco, na mkopo huo unalipwa na msimu wa maembe: gari likisimama Desemba, hakuna cha kupeleka sacco Januari. Katikati ya Desemba hiyo maji ya rejeta yakageuka uji wa rangi ya kahawia. Fundi wa kwanza akatazama, akasema: "Gasketi ya silinda hedi imeungua. Tufungue injini." Shilingi 45,000, wiki mbili.

Mjomba akanipigia simu. "Mpwa wangu, wewe ulisomea mashine. Hebu njoo utazame."

Fundi hakusema upuuzi. Gasketi ikiungua inaweza kuleta uji kama ule. Lakini uji ni dalili tu, kama vile programu inayozima ghafla. Swali la kwanza ni hili: oili inaweza kufika kwenye maji kwa njia ngapi? Nilihesabu tatu.

1. Gasketi ya silinda hedi, au hedi yenyewe kupasuka. Hapo mifereji ya oili na ya maji hupita karibu karibu.

2. Kipoza oili ya injini, kwa magari yaliyo nacho.

3. Kipoza oili ya gia. Watu wengi hawajui hiki! Magari mengi ya otomatiki yana paipu ndogo iliyofichwa ndani ya tangi la rejeta. Oili ya gia hupita humo ili ipozwe na maji. Paipu ikitoboka, vinachanganyika.

Haya, twende kwenye majaribio, tukianza na yasiyo na gharama. (Injini iwe imepoa kabisa. Ukifungua kifuniko cha rejeta ya moto, utaungua uso.)

Kwanza, hakikisha ni oili kweli. Dondosha tone la maji ya rejeta kwenye karatasi nyeupe, uache likauke. Maji huondoka, oili huacha doa linalopitisha mwanga. Kutu, au dawa ya kuziba matundu, inaweza kukudanganya macho.

Pili, rangi. Oili ya injini hutoa uji kama kahawa ya maziwa. Oili ya gia kwa kawaida ni nyekundu, kwa hiyo uji wake huwa wa waridi. Lakini oili ya gia iliyozeeka huwa nyeusi, na hiyo ya mjomba ilikuwa ya zamani. Rangi ni kidokezo tu.

Tatu, vijiti vya kupimia. Cha injini kilikuwa safi. Je, hiyo inaondolea gasketi lawama? Hapana. Injini ikiwa inazunguka, presha ya oili huwa kubwa kuliko ya maji. Kifuniko cha rejeta huachia kwenye takriban 1.1, wakati oili inaweza kufika mara mbili au tatu ya hapo. Kwa hiyo oili inaweza kuvukia upande wa maji huku kijiti kikibaki safi.

Nne, jaribio linaloamua. Tulifungua zile paipu mbili za gia kwenye rejeta, tukaziba moja, tukajaza rejeta maji mpaka shingoni. Kisha tukamwita fundi wa pancha aingize upepo kidogo kwenye paipu ya pili. Ni kama kutafuta tundu la tyubu ndani ya beseni: povu likitokea, umepata. Povu lilitokea mara moja.

Fundi yule wa kwanza alikuwepo, akacheka, akasema sasa amepata dawa ya wengine.

Hatari yenyewe ilikuwa hii. Ukizima injini, presha ya oili ya gia huisha papo hapo, lakini maji ya moto bado yana presha. Sasa yanarudi upande wa pili, ndani ya gia boksi, na maji huharibu sahani za klachi za otomatiki. Mjomba angelipa 45,000 kwa hedi nzima, kisha angeendelea kuiua gia boksi kila safari.

Si jambo la Kalamba peke yake. Kule Marekani, Nissan Pathfinder, Frontier na Xterra za 2005 hadi 2010 zilijulikana kwa kasoro hiyohiyo, na kampuni iliongeza waranti ya rejeta hizo hadi miaka 8 au maili 80,000.

Tulinunua rejeta mpya, tukaosha mfumo wa maji kwa sabuni mara kadhaa, tukabadilisha mipira iliyovimba kwa oili, na oili ya gia tukaimwaga na kuijaza mara tatu. Maembe yalibebwa. Lakini gia ya tatu bado huchelewa asubuhi, na hakuna anayeweza kumwahidi mjomba kwamba itafika msimu ujao.

Kwa hiyo ukienda kununua gari lililotumika, lifike likiwa limepoa, fungua rejeta mwenyewe, chukua tone, na uwe na karatasi nyeupe mfukoni. Na ukiambiwa "tufungue injini", uliza kwa heshima: fundi, tumeziondoa njia nyingine?

Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata.