SIMULIZI ZA NESI, SEHEMU YA 9: Jenereta nalo linataka kupumua

Wapendwa, leo nawasimulia kosa langu mwenyewe.

Tulikuwa Majengo, hapahapa Dodoma, jirani na soko. Gari letu la kliniki lilikuwa na jenereta nyuma, ndani ya boksi la bati. Upepo wa mwezi wa tisa mnaujua, vumbi mtindo mmoja. Saa sita jenereta likazima kwa joto. Ukiliwasha, dakika kumi tu, limezima tena. Friji ya chanjo inasoma nyuzi 7, na mwisho ni 8.

Dereva akasema, "Dada nesi, tufungue kidirisha cha ndani lipate hewa." Nikamwambia fungua. Kweli likatulia. Madirisha ya nje tumeyafunga, vumbi lisiingie.

Baada ya nusu saa kichwa kikaanza kunigonga. Nikadhani njaa. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, "Nesi, nasikia kizunguzungu." Nikamvalisha kipimo cha kidoleni: 98. Nikaridhika. Hapo ndipo nilipokosea.

Moshi wa injini una kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na inang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kipimo kile hakijui kuzitofautisha. Kinaweza kusoma vizuri huku mtu anaishiwa.

Kilichonishtua ni dereva naye kushika kichwa. Watu watatu, gari moja, saa ileile? Nikapiga kelele: "Zima! Wote nje!" Mama na mwanawe tukawakimbiza hospitali, wakawekewa oksijeni. Wako salama, namshukuru Mungu. Chanjo tukaihamishia kwenye kasha la barafu, jambo ambalo tungelifanya tangu mwanzo.

Fundi alipokuja akatikisa kichwa. Boksi lina tundu upande mmoja tu, na wavu wake umeziba vumbi. Hewa ya moto inatoka, halafu inavutwa ileile. Akakata tundu kubwa upande wa pili, akafunga feni ya kutoa joto: hewa baridi iingie huku, ya moto itokee kule. Bomba la moshi akalitoa nje, mbali na mlango na mbali na tundu la kuingizia hewa. Kile kidirisha akakichomelea kabisa.

Wenye majenereta dukani na saluni, nanyi mnanisikia? Kichwa kikikuuma wewe na mwenzako kwa pamoja, msisubiri kipimo. Tokeni nje kwanza.

Sehemu ya 10 kesho, Mungu akipenda.